Chai Aliyoificha Sumie

Pale mji wa Shimada, Japani, kununua chai si kosa, ila inategemea wewe ni ndugu wa nani. Kama umehamia kutoka Tokyo, nunua mpaka uchoke, hakuna atakayekugeukia. Lakini kama una mdogo wako wa tumbo moja mwenye shamba la chai kule mlimani, na kila mwezi wa tano anakuletea mfuko wa karatasi umejaa mpaka mdomoni, halafu uonekane unatoka dukani na pakiti mkononi? Yaani ni kama mtu mwenye ng'ombe uani akutwe kwenye foleni ya maziwa ya pakiti. Watu watauliza tu: ng'ombe kafa, au mmegombana?

Ndiyo maana Sumie alikuwa anaingia duka la Mikazuki kwa mlango wa nyuma.

Mwenyewe ni mama wa kawaida tu. Miaka sabini na kitu, baiskeli yenye kikapu, aproni ya mifuko miwili, nywele kazitia zambarau kwa mbali kama wenzake wote wa saluni ya pale stesheni. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi mpaka akastaafu, ile shule ambayo bomba moja linatoa maji na la pembeni linatoa chai. Mumewe, marehemu sasa, aliendesha gari la taka. Nyumba yao iko karibu na reli, treni ikipita vikombe vinagongana kabatini, na Sumie hata hasikii tena.

Sasa huyu mdogo wake anaitwa Teruo. Baba yao alipofariki, Teruo ndiye aliyebaki na mlima. Majani mengi anayapeleka mabichi kwenye kiwanda cha wakulima, hayo hayana shida. Shida ni yale machache anayobakiza na kuyatengeneza mwenyewe bandani, kwa mashine kuukuu ya baba, kwa ajili ya ndugu na marafiki. Teruo ni mvutaji. Na moto wa mwisho wa kukaushia chai haupendi wavutaji, maana unataka mtu asimame hapo hapo, anuse, azime kwa wakati. Teruo anawasha moto, anatoka nje na sigara, redioni kuna mechi ya besiboli, timu yake inafungwa, anaitukana kidogo, anarudi. Chai imeshaungua.

Mwaka wa kwanza Sumie alivumilia. Mwaka wa pili akajitahidi. Mwaka wa tatu alikunywa kikombe kimoja, akachukua baiskeli.

Tangu hapo chai ya Teruo ilipata kazi nyingine nyingi pale nyumbani. Ilitiwa kwenye maji ya kuogea. Ilichemshiwa dagaa waache kunuka. Ilishonewa kwenye mto. Ilifungwa kwenye soksi na kuwekwa kabati la viatu. Iliyolowa ilimwagwa kwenye mikeka inase vumbi, halafu ikafagiliwa. Kusema kweli nyumba ya Sumie ilikuwa safi kuliko zote mtaani, na ilinukia vizuri. Kunywa tu ndiyo hakuna aliyeinywa.

Kwenye kopo la jikoni, lile ambalo Teruo alibandika karatasi ya jina lake kwa mkono wake, mlikuwa na chai ya Mikazuki.

Na Teruo alikuwa anakuja kila Jumanne. Anapaki kipikapu chake cheupe nusu barabarani, anavua buti, anakaa, anapewa kikombe. Anavuta harufu. Anafumba macho.

"Dada," anasema, "mimi chai yangu nikiinywa kwangu, hapana. Inakwaruza. Nobuko kila siku ananiambia inakwaruza. Namwambia, mke wangu, ni maji yetu hayo, yana chuma. Nenda kwa wifi yako ukaonje chai ikiwa na maji ya maana."

"Maji ya bomba tu haya," Sumie anasema.

"Basi ni mkono wako."

"Labda."

Miaka ikaenda hivyo hivyo. Hakuna aliyeumia. Mpaka Jumanne moja ya mwisho wa mwezi wa tano, Teruo alipokunywa kikombe cha pili, akatoa kitu kwenye mfuko wa koti akakilaza mezani kwa vidole viwili, kama mtu anayeweka karata ya ushindi.

Ulikuwa mfuko wa chai, mtupu, mpya, unang'aa. Mbele una picha ya Teruo. Kavaa tai. Kakunja mikono kifuani, anaangalia mbali.

"Mbona kama unagombea ubunge?" Sumie akauliza.

"Cheka tu. Nimechapisha mifuko elfu mbili."

"Elfu mbili? Ya nini?"

Ndipo akamwaga yote. Amechoka kuuza majani mabichi, yanachanganywa kiwandani na ya wengine, hakuna anayejua ya Mochizuki, ya ukoo wao, ni yapi. Anataka kutengeneza chai yake mwenyewe, yote, kwa jina lake. Benki wamekubali kumkopesha hela ya mashine mpya, ataweka mlima rehani, anasaini mwisho wa wiki. Na Alhamisi anaipeleka Mikazuki. Mikazuki wakiipokea, mji mzima utaipokea.

"Nobuko anasemaje?"

"Nobuko analia. Lakini Nobuko ulimi wake umekufa kwa chumvi. Mimi ninapima kwa kikombe hiki hapa." Akakigonga kwa kucha. "Miaka yote hii nakunywa hapa na najiambia, Teruo, mtu anayetengeneza chai kama hii anaogopa nini?"

Sumie akainuka kwenda kuongeza maji ambayo hayakuwa yamepungua.

"Na wewe Alhamisi unakuja na mimi," Teruo akasema nyuma yake. "Mimi sijui kuongea na watu wa maduka. Wewe una uso wa watu."

Sasa hapa ndipo mtu anatakiwa ajue jinsi Mikazuki wanavyofanya kazi. Lile duka lilikuwepo kabla ya reli, na pale huulizwi unataka nini. Unaingia, unakaa kwenye benchi, mwenye duka anakutazama, anageukia makopo, anakumiminia chai yako. Yako, ile mnayokunywa kwenu. Kila nyumba ya mji ule ina chai yake kichwani mwa mwenye duka, alirithi kwa baba yake pamoja na mizani. Mkwe mpya akiingia kwenye familia na hapendi uchungu, duka linajua kabla ya majirani. Ndiyo adabu yao, na watu wanajivunia, wanapeleka wageni kuonyesha: unaona, sijafungua mdomo na nimeshapewa yangu.

Kwa hiyo Alhamisi, Sumie akikaa tu kwenye lile benchi, ataletewa yake. Mbele ya Teruo. Na asipokwenda, hatakuwepo wa kumzuia Teruo asisaini.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlango wa nyuma wa Mikazuki kabla hawajafungua. Ozawa, mwenye duka wa sasa, kijana wa miaka arobaini na kitu mwenye miwani inayoteleza puani, alikuwa anachoma vijiti vya chai kwenye pipa linalozunguka, na moshi wake mtamu ulikuwa umeshafika mpaka kituo cha polisi.

"Mama Sumie, mapema hivi? Imeisha?"

"Haijaisha. Ozawa mwanangu, nisikilize. Kesho nitakuja kwa mlango wa mbele."

Ozawa akasimamisha pipa. "Kuna nini?"

"Usinijue."

"Nisikujue vipi?"

"Usinijue tu! Hujawahi kuniona. Mimi ni mtu wa barabarani."

Akamweleza. Ozawa alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma miwani.

"Mama, mimi naweza kumkatalia. Nitamkatalia kwa adabu, nitasema ghala limejaa. Lakini atafanya nini? Atasema Ozawa hajui chai, kisha Jumanne anakuja kwako, anakunywa ya kwangu, anaona yuko sawa, anaenda kuiuza duka lingine. Anayeweza kumwambia ni wewe."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Miaka yote hiyo alikuwa anafumba macho akiinywa. Hujawahi kumwona anavyofumba macho."

Ozawa akalizungusha pipa lake taratibu. "Sawa," akasema. "Sikujui. Lakini mimi kuigiza sijui kabisa, nilifukuzwa kwenye mchezo wa shule, nilikuwa mti."

Alhamisi Teruo alikuja amevaa tai ile ile ya kwenye picha. Njiani hakuwasha redio. Kwenye magoti ya Sumie kulikuwa na mfuko mmoja uliojazwa chai ya mwaka huu, uso wa Teruo unamwangalia kutoka chini, na kila gari likikanyaga shimo ule uso unakunja ndita.

Waliingia kwa mlango wa mbele. Kengele ikalia. Sumie akagundua hajawahi kuisikia.

"Karibuni!" Ozawa akapaza sauti, kubwa mno, mpaka mteja aliyekuwa anatoka akageuka. "Karibuni wageni! Mama, ni mara yako ya kwanza kufika hapa dukani kwetu hapa?"

"Ya kwanza," Sumie akasema.

"Ya kwanza! Vizuri! Sijawahi kukuona!"

Teruo akamwinamia dada yake. "Huyu mzima?"

"Ana furaha tu."

Wakakaa. Ozawa akawa anaongea, hali ya hewa, baridi ya mwezi wa tatu, mafeni ya shambani ya kufukuza baridi kwenye majani, bei ya mafuta, huku jasho linamtoka, na akawa anaongea kwa bidii kiasi kwamba mikono yake hakuna aliyekuwa anaisimamia. Na mikono ya Ozawa ni mikono ya Mikazuki. Ilimwona Sumie kwenye benchi, ikanyoosha kwenye rafu ya tatu, ikashusha kopo la kushoto, ikapima, ikapooza maji kwenye bakuli, ikasubiri, ikamimina kwenye vikombe viwili mpaka tone la mwisho. Sumie aliona kila hatua. Alikohoa. Alikohoa tena. Ozawa akamwuliza kama anataka maji.

Vikombe vikafika mbele yao.

Teruo akavuta harufu. Akafumba macho, kama Jumanne. Akanywa.

Akafumbua.

"Hii ni yangu," akasema.

"Samahani?" Ozawa akauliza, halafu akakiangalia kikombe, halafu akaiangalia mikono yake, na rangi ikamtoka usoni.

"Nasema hii chai ni yangu. Nimeitengeneza mimi. Naijua kama harufu ya nyumbani kwangu." Teruo alikuwa ameshasimama. "Umeipata wapi? Mimi sijawahi kukuuzia hata jani."

"Mzee, hii ni ya duka, tunachanganya wenyewe tangu enzi za..."

"Usinidanganye mimi! Mkulima hajui mtoto wake?" Kisha akashusha sauti. "Nobuko," akasema. "Ndiyo maana. Ndiyo maana analia nisikope. Kumbe ananiibia bandani, anaiuza kwa siri. Mke wangu!"

Akatoa simu. Ni ile ya kukunja, anaifungua kwa kidole gumba kama mtu anafungua kisu.

"Teruo, weka simu," Sumie akasema.

"Niweke nini? Leo atanieleza."

"Teruo."

"Inaita."

"Ni ya kwangu!" Sumie akasema. "Chai ni ya kwangu. Naja kununua hapa. Kwa mlango wa nyuma. Unayokunywa Jumanne ni hii. Nobuko hajaiba kitu. Weka simu, mwenzio hana kosa."

Kwenye simu sauti ya Nobuko ilisikika ndogo: "Haloo? Teruo? Haloo? Umekalia simu tena?"

Teruo akaifunga.

Ozawa naye alitamani awe mti.

"Tangu lini?" Teruo akauliza.

"Muda."

"Tangu baba alipofariki?"

"Baada ya baba. Siyo mara moja. Nilijaribu."

Teruo akakaa. Akakinywa kikombe chote mpaka mwisho, polepole, macho wazi. Kisha akausukuma mfuko wenye picha yake kwa Ozawa.

"Na hii nipikie."

"Mzee, si lazima leo..."

"Nipikie kama unavyompikia yeye."

Ozawa akaipika, sasa bila kusema neno, na alipokuwa hasemi mikono yake ilipendeza kuitazama. Walikunywa wote watatu. Teruo alikunywa kidogo, akaishika chai mdomoni, akaimeza kama dawa.

"Ni maji yenu?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Maji ni yale yale, mzee," Ozawa akasema. Akachukua majani yaliyolowa, akayatandaza kwenye sahani, akayafungua kwa ncha ya kijiti. "Jani lako ni zuri. Nasema kweli, hili jani ningelinunua kesho. Moto tu."

"Moto ni mimi," Teruo akasema.

Ozawa akakirudisha kijiti sahanini.

Wakarudi. Alimshusha dada yake mbele ya nyumba, hakuzima gari, hakuvua buti. Sumie alisimama na mkono kwenye mlango wa gari akitafuta la kusema, akasema, "Endesha taratibu." Teruo akaendesha taratibu.

Kwa Nobuko ndiko Sumie alikopata habari. Wifi mtu alimpigia mwisho wa wiki, sauti ya chini lakini ina kicheko ndani yake.

"Hajasaini. Wifi, hajasaini! Umemfanya nini?"

"Hajakwambia?"

"Haongei. Amekaa bandani na ile mashine ya babake, anaitazama tu. Nimempelekea chakula, ameuliza eti, 'Nobuko, chai yangu inakwaruza?' Nikamwambia miaka yote nakwambia nini? Akasema, 'Ndiyo, ulisema.' Basi. Kala, kalala."

"Kaniulizia?"

"Hapana, wifi. Wewe bado."

Jumanne ilifika, kipikapu hakikuja. Ikaja nyingine. Sumie alikuwa anaweka vikombe viwili mezani, kisha anakirudisha kimoja kabatini, kisha anajiambia ni upuuzi na kukitoa tena. Pale Mikazuki alikuwa anapita kwa mlango wa mbele sasa, hakuna tena wa kumficha. Ozawa alimwomba radhi kila mara mpaka akamchosha. "Mwanangu, ulichofanya ni kazi yako," alimwambia. "Nipimie niende." Chai ilikuwa ile ile, na hakuifurahia sana.

Mvua za mwezi wa sita zikaja, zikaondoka. Mlimani wakavuna mara ya pili. Na Jumanne moja ya joto kali, wakati Sumie anakula tambi baridi peke yake mbele ya feni, akasikia gari linapaki nusu barabarani.

Teruo akaingia. Hakuna salamu. Akaweka chupa ya chai mezani, ile ya kwendea shambani, akafungua kifuniko.

"Nimeipika kabisa nyumbani," akasema, "usije ukanifanyia miujiza yako. Leta vikombe."

Sumie akaleta.

"Kunywa. Mbele yangu. Kisha useme. Ukinidanganya, nakwenda na sirudi."

Alikunywa. Teruo alimwangalia koo, namna lilivyopanda na kushuka. Nje vyura wakubwa wa mferejini walikuwa wanalia, na treni ikapita, vikombe vikagongana, wote wawili wakasubiri ipite.

"Imeungua," Sumie akasema.

"Sana?"

"Siyo kama ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa mkaa. Hii imeungua kwa nyuma, ukishameza."

"Nilisimama hapo hapo," Teruo akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Sigara niliiacha kwa Nobuko, akaifungia. Hata mechi sikusikiliza."

"Basi ulizima umechelewa."

"Niliogopa itabaki mbichi."

"Mbichi ingekuwa afadhali."

Akaitikia kwa kichwa. Akajimiminia mwenyewe, akanywa, akatafuta ile sehemu ya nyuma, akaipata, akakunja uso.

"Kweli," akasema. "Iko hapo." Na akaonekana kama mtu aliyekuwa anatafuta miwani akaikuta kichwani, hana furaha wala huzuni, ila sasa anaona.

"Utaniletea tena?" Sumie akauliza.

"Mpaka useme imekaa sawa. Hata ikichukua miaka. Mlima upo, hauendi popote, sijausaini." Akavuta bakuli la matango ya chumvi lililokuwa pembeni ya tambi, akachukua moja kwa vijiti, akalitazama, akalirudisha.

"Vipi?" Sumie akasema. "Si unayapenda?"

"Dada," Teruo akasema, "tumeamua kuambiana ukweli?"

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

"Sema bwana."

"Haya matango. Tangu umeolewa. Hayaliki. Shemeji marehemu alikuwa ananipa ishara kwa macho, tunayameza bila kutafuna."

Sumie akamkodolea macho. Kisha akachukua tango, akaliweka mdomoni, akalitafuna taratibu, upande huu, upande ule, akiwa ameangalia feni.

"Chumvi," akakubali, na akasukuma bakuli katikati ya meza, mbali na wote wawili.